Breki ya Pili

Gari letu lina pedali tano. Tatu ziko mahali pake pa kawaida, chini ya miguu ya dereva: klachi, breki na mafuta. Mbili ziko upande wa abiria, klachi na breki, na hizo ni za mume wangu. Zimeungwa kwa vyuma chini ya sakafu, kwa hiyo yeye akikanyaga yake, ile ya mwanafunzi nayo inazama. Mwanafunzi mwenye akili zake huhisi pedali ikishuka chini ya soli yake, akajua mwalimu ameshaingilia kati. Kwa miaka ishirini na miwili chuo chetu cha udereva kimeishi kwa breki hiyo ya pili, na hatukuwahi kugonga hata kuku.

Chuo ni neno kubwa, najua. Ni sebule yetu ya mbele: benchi mbili, feni moja inayozungusha joto lile lile, na ubao wa bati nilioupaka rangi mwenyewe, wenye mzunguko, njia panda na kivuko cha pundamilia. Navisogeza vigari vya plastiki vyenye sumaku, nawauliza wanafunzi nani apite kwanza, nao wananijibu kila kitu isipokuwa jibu. Wananiita Mama Ubao. Kupanga ratiba ya barabarani ni kazi yangu pia. Nilikuwa naipanga kwa rula, saa kwa saa, asubuhi mpaka jioni, bila kuacha tundu, na nilijisifia sana ratiba hiyo. Nitairudia hapo mbele, kwa sababu imenisuta.

Mume wangu wanamwita Breki. Ni mnene wa mwili, mwembamba wa maneno. Akiwa kazini mkono mmoja unalala pajani, na mguu wa kulia unaelea juu ya pedali, upana wa vidole viwili, haugusi wala hauondoki. Niliwahi kumwuliza kama hachoki. Akanijibu, "Kazi yangu ni kumwogopea mtu mpaka ajue kuogopa mwenyewe." Mguu huo ndio uliosomesha watoto wetu watatu. Ulipoanza kuugua, nyumba nzima ilichechemea.

Ulianza mwaka juzi, na ulianza usiku, kama ugonjwa huu unavyopenda. Niliamshwa na sauti yake: "Toa shuka! Toa shuka mguuni!" Shuka lenyewe jepesi, limepauka kwa kufuliwa. Nikawasha taa. Kidole gumba kilikuwa kimevimba pale kinapoungana na wayo, ngozi imekaza mpaka inang'aa, na joto lake nililihisi kabla sijakigusa. Nikakigusa. Maneno aliyonitolea usiku ule sijayasamehe bado. Asubuhi akawaambia wanafunzi kwamba amejikwaa kwenye mguu wa kitanda. Baada ya wiki uvimbe ukanywea, maumivu yakaisha, akavaa viatu vyake akapiga mluzi. Miezi minne baadaye akajikwaa tena, kwenye mguu ule ule wa kitanda. Mara ya tatu nikamwambia, "Basi kitanda tukiuze," nikampeleka kliniki.

Daktari alikuwa binti wa umri wa kifungua mimba wetu, na hilo peke yake lilimkera mume wangu. Alimpima damu, akakitazama kidole bila kukigusa, nikampenda hapo hapo.

"Mzee wangu, hii ni gauti," akasema. "Wengine wanaiita jongo. Kuna taka ambayo mwili unaitengeneza kila siku, inaitwa asidi ya yuriki. Figo zinatakiwa kuitoa kwa mkojo. Ikizidi kwenye damu inaganda, inakuwa chembe zenye ncha kama sindano, nazo zinajificha ndani ya kiungo. Kidole gumba cha mguu kiko mbali na kina baridi, ndiyo maana zinakipenda. Siku mwili ukiamua kupigana nazo, ndiyo huo moto unaousikia."

"Si ugonjwa wa wafalme huo?" mume wangu akauliza. "Mimi hata kiti cha kuzunguka sina."

"Siku hizi haubagui. Wengine wameurithi tu, wala hawana kosa. Maji unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Asubuhi chai."

"Halafu?"

"Halafu jioni."

Daktari aliacha kuandika. Ndipo mume wangu akaeleza, macho yakiwa ukutani, kwamba masomo yake yamefuatana, mmoja akishuka mwingine anapanda, na barabarani hakuna choo. Mtu akinywa maji atayapeleka wapi? Ratiba niliipanga mimi. Hakunitazama, nami nikajifanya nasoma bango la chanjo.

Likaja la nyama na bia, ambazo daktari alisema ndizo zinazoizidisha asidi hiyo. Katika kazi yetu mwanafunzi akipata leseni humpeleka mwalimu wake kula: sahani ya maini na figo za kuchoma, na bia mbili ambazo huwa nne. Na kwa mume wangu wengi hufaulu. Kadiri alivyofundisha vizuri ndivyo alivyojichimbia shimo.

Daktari alimwandikia dawa mbili, akazieleza mara mbili. Moja ni ya kuzima moto shambulio likija. Nyingine ni ya kila siku, hata kidole kikiwa kizima, ya kuishusha asidi yenyewe. "Hii ya kila siku utaanza nayo kidogo, moto ukishapoa, na tutaipandisha kadiri tunavyopima damu," alisema. "Nisikilize vizuri hapa, mzee. Miezi ya mwanzo, zile chembe zikianza kuyeyuka, shambulio linaweza kuja. Si kwamba dawa imekukataa. Usiiache. Njoo uniambie."

Mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Wanafunzi wake nao humtikisia kichwa hivyo hivyo, dakika moja kabla ya kupanda ukingo wa barabara.

Mwezi mzima alimeza dawa kwa utii. Wiki ya tano kidole kikawaka. Hakuniambia. Aliamua, kwa busara zake zote, kwamba dawa ndiyo iliyomchokoza, akalificha kopo stoo nyuma ya makopo ya rangi. Na kwa kuwa mtihani ulikuwa umebaki majuma mawili, na wanafunzi sita wanamtegemea, akaendelea kwenda barabarani. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba amekuwa mkali, na kwamba anavulia viatu gizani.

Kati ya hao sita, mmoja tulimwita Dada Mkate. Hufanya kazi kwenye tanuri la mikate mtaa wa tatu, mikono ina makovu ya trei za moto, na wanawe wawili wamezoea kumwona amelala mchana. Alikuwa ameshafeli mtihani mara mbili. Mwenye tanuri alikuwa amenunua gari la kusambaza mikate, akamwahidi: leta leseni, usukani ni wako, usipoleta, namchukua mtu wa nje. Sijawahi kuona mwanafunzi aliyeshika usukani kwa heshima kama yule. Alikuwa anaupangusa kwa leso kabla ya kuushika.

Siku yenyewe nilikuwa ubaoni na wanafunzi wawili. Gari likarudi kabla ya saa yake, gia ya kwanza, mwendo wa mazishi. Dada Mkate akashuka, akaingia, akashika mgongo wa benchi kwa mikono miwili.

"Nusura niue mtoto," akasema.

Nikawaambia wale wawili wakapunge upepo nje. Akanieleza. Walikuwa wanashuka mteremko wa tangi la maji, gia ya pili. Chini pale kwenye pundamilia wanafunzi wa shule walikuwa wameshavuka. Mmoja akaangusha kitabu, akageuka kukifuata.

"Mwalimu akapiga kelele, breki! Nikahisi klachi inazama. Klachi, Mama Ubao, siyo breki. Mguu wangu umeigusa tu, ikanikimbia. Gari likaachia gia, likaongeza mbio. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Tumesimama, sketi yake imegusa bampa."

"Klachi haizami yenyewe," mume wangu akasema toka mlangoni. Alikuwa ameegemea fremu, jasho linamtiririka. "Umekanyaga wewe kwa hofu."

"Mwalimu, nakuapia, mimi—"

"Umekanyaga wewe."

Akachukua kadi ya maendeleo ya Dada Mkate, na kwenye mstari wa breki akaandika: Hapana. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamtia chumvi kwenye kidonda. "Dada yangu," nikamwambia, kwa sauti ya upole ambayo nikiikumbuka naichukia, "si kila mtu gari ni fungu lake. Pumzika kidogo." Alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akasema hawezi kuua watoto wa watu kwa ajili ya mikate. Kadi akaiacha mezani, akaondoka kwa miguu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wa kwangu aliumbuliwa na soksi. Siku ya tatu nafua nguo, nikakuta soksi ya kulia imepakwa rangi ya viatu. Siyo doa. Imepakwa kwa brashi, sehemu ya mbele, ikang'arishwa. Nikaenda kukitafuta kiatu, nikakikuta uvunguni, kimesukumwa mpaka ukutani. Ngozi ya juu ilikuwa imekatwa kwa wembe pale kidole gumba kinapokaa, tundu safi la duara. Alikitoboa dirisha kiatu chake ili kidole kipumue, akaliziba kwa soksi nyeusi ili wanafunzi wasione.

Nilikaa chini na kiatu mkononi, povu la sabuni likinikaukia kwenye viwiko. Klachi, siyo breki. Mtu anayetunga uongo husema breki zilikataa. Hatungi jambo la klachi kuzama.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti chake ndani ya gari, mlango wazi, akimsubiri mwanafunzi wa saa nne. Mguu wa kulia ameunyoosha nje, kisigino chini, kidole juu. Nikazunguka, nikaingia upande wa dereva.

"Kaa vizuri," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Kaa kama uko kazini."

Akaingiza mguu polepole, akafunga mlango. Mimi nikaweka nyayo zangu juu ya klachi na breki, bila kukanyaga, nikatazama mbele kwenye ukuta wa jirani. Nikanyamaza. Nikamwacha anyamaze naye, mpaka nikasikia pumzi zake zimetulia. Kisha nikapiga kelele kwa sauti yangu yote:

"Mtoto!"

Klachi ikazama chini ya mguu wangu wa kushoto. Breki haikutikisika.

Pedali ilibaki chini, hakuna aliyeiachia. Kuku wa jirani alipita mbele ya gari, wote wawili tukamtazama kama hatujawahi kuona kuku.

"Wa kulia siwezi kuuweka hata hewani," hatimaye akasema. "Nikaona nitumie wa kushoto kwa breki. Nimefanya mazoezi hapa hapa uani, mara mia. Mara zote mia ulikwenda kwenye breki."

"Na pale mteremkoni?"

"Mguu wa kushoto umekanyaga klachi maisha yangu yote, mke wangu. Nikishtuka, unakwenda kwake."

Huyu ndiye mtu ambaye humwambia kila mwanafunzi mpya, siku ya kwanza kabisa: mguu wa kushoto haujui breki, usiupe. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma.

"Ulimwambia ni yeye."

"Nilitaka nikipona nimwite—"

"Ulimwambia ni yeye! Na mimi ukaniacha niongeze la kwangu juu!"

"Ikijulikana kwamba Breki hana breki, nani atamleta mwanawe hapa? Niambie. Mtihani ni wiki ijayo. Niache nimalize hawa watano, halafu—"

"Na ile sketi?"

Wakati huo mwanafunzi wa saa nne akaingia getini akiimba: kinyozi wa mtaani kwetu, mtu wa masihara, asiyejua kwamba alikuwa anakuja kukabidhi roho yake. Nikauchomoa ufunguo. Nikautia kifuani, mahali ambapo mume wangu hatauchukua mbele za watu.

"Mwambie mwenyewe," nikamwambia.

Kinyozi akatutazama mmoja mmoja, wimbo ukamfia mdomoni.

"Leo hakuna somo. Wala kesho," mume wangu akasema. "Nenda nyumbani, kijana."

Mchana ule nilimpeleka kliniki kwa teksi, amekaa kiti cha nyuma, mguu umelala mapajani mwangu. Daktari hakumkaripia, na nadhani hilo lilimuuma zaidi. Alimwuliza tu kopo la dawa liko wapi, akaambiwa nyuma ya rangi. Akampa ya kuzima moto, akasema ya kila siku ataianza upya kama alivyoelezwa, na safari hii ataongezewa ya kinga kidogo kwa miezi ya mwanzo ili mashambulio yasimtishe. "Yanaweza kuja tena hata hivyo," akasema. "Likija shambulio, pumzisha mguu, uinue, weka barafu iliyofungwa kitambaani, kunywa maji, na usiende kazini. Unafanya kazi gani, mzee?"

Mume wangu akautazama mguu wake. "Nakanyaga breki," akasema.

Usiku huo hakulala, na safari hii haukuwa mguu peke yake. Asubuhi aliniomba kandambili zangu, kwa sababu zake zilimbana kidole, na zangu zimelegea mikanda. Nikajua tunakwenda wapi.

Tanurini joto lilitupokea mlangoni. Wanawake wanne walikuwa mezani wanakata donge na kulipima kwenye mizani, mwenye tanuri anahesabu trei. Dada Mkate alituona. Hakuacha kukata. Mume wangu akachechemea mpaka katikati ya chumba, kandambili ya kike ya waridi mguuni, kidole kimetuna wazi mbele ya kila mtu. Nilimwona anatafuta mahali pa kuegemea, hapakuwapo.

"Dada," akasema. "Siku ile gari ulilisimamisha wewe. Mguu uliokanyaga klachi ni wangu. Nilikuwa naumwa nikaficha. Halafu nikakuongopea mchana kweupe."

Mwenye tanuri aliacha kuhesabu.

"Na mimi nilikwambia maneno yasiyofaa," nikasema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Alikata donge jingine, akalipima, akaliweka kwenye trei. "Siku nne," akasema. "Nikifumba macho naiona sketi. Nimewaambia wanangu mama hafai kushika gari. Nimemwambia huyu bosi atafute mtu mwingine. Siku nne, Mwalimu, na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ungesema siku ile ile ningekubeba mgongoni nikakupeleka hospitali."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Miaka yote ya ndoa yetu sijamwona analia, na hata pale hakulia. Nilitoa ile kadi kwenye mkoba wangu, nikaiweka kwenye unga. Dada Mkate alifuta mikono, akampa kalamu ya kuhesabia trei. Mume wangu akakata neno Hapana, akaandika Ndiyo, akatia sahihi.

"Nitarudi," akasema yule mwanamke. "Ila si kwa neno lako. Kila siku, kabla sijawasha gari, utaikanyaga breki yako kwa mguu wa kulia, na mimi niihisi chini ya wangu. Ukiweza, nitaandika umeweza. Ukishindwa, utasema umeshindwa. Siku usiposema, nashuka, na nitakaa getini kwako niwaambie wengine." Akaigeuza kadi, na juu kabisa, juu ya mstari wa vioo na mstari wa mkanda, akaandika mstari mpya kwa herufi za mtu aliyeishia darasa la saba: Mguu wa mwalimu.

Mwenye tanuri akakohoa. Akasema mtihani wa mwezi huu utampita, basi atasubiri wa mwezi ujao, na baada ya hapo hasubiri tena.

Gari lilikaa uani majuma mawili na siku tatu. Wanafunzi watatu walihamia chuo kingine. Kinyozi alibaki, akisema yeye amezoea kufundishwa na vilema. Nilichukua rula yangu nikaipanga ratiba upya, na kila baada ya masomo mawili nikaacha tundu la nusu saa, nikaandika ndani yake: Maji. Nasimama pale pale mpaka jagi liishe. Maini yamekwisha, bia zimekwisha. Waliofaulu wakimpeleka kula, anakula samaki kidogo na mboga, huku akiitazama sahani ya jirani kama mfiwa. Kopo la dawa linakaa kando ya mswaki wake. Ule mstari wa Dada Mkate niliupiga chapa kwenye kadi zote. Kila somo linaanza hivyo: mwanafunzi anauliza, mwalimu anakanyaga, mwanafunzi anaandika. Wiki tatu mfululizo kila kadi iliandikwa Ndiyo.

Ikafika siku ya mwisho kabla ya mtihani. Dada Mkate alikuwa na somo moja limebaki, la kurudi kinyumenyume kati ya mapipa, lile lile lililomfelisha mara mbili. Ametoka zamu moja kwa moja, unga uko kwenye nyusi. Asubuhi hiyo mume wangu hakupiga mluzi. Alikaa kitandani anafunga kamba za viatu, kiatu cha kushoto haraka, cha kulia polepole. Nikamwuliza, "Vipi?" Akasema, "Salama." Kiatu kilikuwa kipya, hakina dirisha.

Nilisimama dirishani. Alipanda upande wake. Dada Mkate akapangusa usukani kwa leso, akasogeza kiti, akachukua kadi na kalamu, akaweka miguu yake juu ya pedali.

"Mguu wa mwalimu?"

Mume wangu aliuinua mguu. Niliuona mkono wake umeshika mpini wa mlango, vifundo vya vidole vimesimama. Alikuwa anaweza kukanyaga. Hilo nililijua, na yeye alilijua. Mtu akiuma meno anaweza kukanyaga mara moja, na kadi inahitaji mara moja tu. Kando yake kulikuwa na mwanamke aliyeipoteza nafasi yake mara moja kwa ajili ya kidole hicho. Somo lilikuwa moja, mtihani kesho, na mwenye tanuri hasubiri tena. Nikajikuta nimeshika pazia. Sema, nikamwambia kimoyomoyo. Sema, baba watoto, sema.

Akaushusha mguu sakafuni, mbali na pedali.

"Hapana," akasema. "Naweza kukanyaga mara moja. Ya pili sina."

Dada Mkate hakumtazama. Aliandika Hapana, akaziandika herufi zote sita bila haraka. Akazima gari ambalo hata hakuwa ameliwasha, akazungusha ufunguo nyuma na mbele, kisha akafunika uso kwa ile leso. Nilitoka mbio nikidhani analia. Alikuwa analia kweli. Lakini alipotoa leso alimshika mume wangu bega, mara ya kwanza tangu amjue, akasema, "Asante, Mwalimu."

Siku hiyo hakuendesha. Tulimlaza Breki kwenye benchi la sebuleni, mguu juu ya mito miwili, barafu kwenye kitambaa, dawa ya kuzima moto tumboni na jagi la maji pembeni. Dada Mkate alisimama kwenye ubao wangu mpaka adhuhuri, anarudisha kigari cha plastiki kinyumenyume kati ya vizibo vya chupa, na yule pale benchini anamwelekeza kwa kidole: kata, kata zaidi, nyoosha, tazama kioo.

Kesho yake mwalimu wa chuo jirani alitupelekea gari letu kwenye uwanja wa mtihani. Sisi wawili tulisimama nje ya uzio, mume wangu amening'inia begani kwangu, kandambili yangu ya waridi mguuni. Mtahini alikuwa mtu wa makamo mwenye faili na haraka. Alipanda upande wa abiria, akafunga mkanda, akamwambia Dada Mkate awashe gari waende.

Dada Mkate hakuwasha. Aliweka miguu juu ya pedali, akamgeukia.

"Samahani, mzee," tukamsikia anasema, "mguu wako wa kulia ni mzima?"

Mtahini alicheka, akadhani ni utani. Dada Mkate alingoja, mikono mapajani, mpaka mtahini alipoacha kucheka na kuikanyaga breki.